Fahamu Jinsi Seva Moja Inavyosubiri na Kuhudumia Maelfu ya Wananchi kwa Wakati Mmoja

Na Mwandishi Wetu

Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mwananchi kufunga safari hadi makao makuu ya wilaya au mkoa, leo zinapatikana kupitia simu ya mkononi. Kupata namba ya malipo ya Serikali, kuangalia matokeo ya mtihani wa mtoto au kutuma maombi ya ajira ni mambo yanayofanyika mtu akiwa nyumbani, dukani au shambani. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ambayo ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), iliweka msingi wa kisheria wa utoaji wa huduma hizo kwa njia ya kidijitali.

Pamoja na mafanikio hayo, wananchi wengi wamewahi kujiuliza swali moja: kwa nini mfumo uliofunguka jana kwa sekunde moja, leo unazunguka bila kufunguka, hasa siku ambayo kila mtu anautafuta? Jibu linalozoeleka ni kwamba mtandao uko chini, na mara nyingine jibu hilo ni la kweli. Lakini ipo sababu nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni namna programu ya seva ilivyoandikwa ili isubiri.

Neno kusubiri linaweza kushangaza, kwa kuwa kompyuta husifiwa kwa kasi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maisha ya programu ya mtandao ni kusubiri. Kichakato cha kompyuta ya leo hufanya mabilioni ya hatua kwa sekunde moja, wakati ujumbe unaotoka kwenye simu ya mwananchi aliye mbali na mnara huweza kuchukua nusu sekunde au zaidi kufika kwenye seva. Katika nusu sekunde hiyo, kichakato kingeweza kuwahudumia watu wengine wengi, iwapo programu inajua kusubiri bila kujifunga kwa mtu mmoja.

Soketi ni nini?

Kila mwananchi anapofungua ukurasa wa huduma, muunganisho hujengwa kati ya simu yake na seva. Upande wa programu, mwisho wa muunganisho huo huitwa soketi. Programu huandika kwenye soketi inapotaka kutuma, na husoma kutoka kwenye soketi inapotaka kupokea. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwamo Linux, kila soketi hutambuliwa kwa namba kamili ndogo, kama vile 5, 6 au 700, inayotolewa na mfumo endeshi.

Utaratibu huu wa soketi ulienea baada ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kutoa toleo la Unix lijulikanalo kama 4.2BSD mwaka 1983. Uliandikwa kwa lugha ya C, lugha iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ingawa zimekuja lugha nyingi mpya, kiini cha Linux pamoja na seva maarufu za tovuti kama Apache na nginx vimeandikwa kwa C hadi leo. Kwa hiyo, maamuzi yanayofanywa na mwandishi wa programu ya C kuhusu kusubiri humgusa karibu kila mtu anayetumia intaneti.

Tatizo la karani mmoja

Katika hali ya kawaida, programu ikiomba kusoma kutoka kwenye soketi ambayo bado haijapokea kitu, mfumo endeshi huisimamisha programu hiyo mpaka data ifike. Kwa mtu mmoja, utaratibu huo hauna tatizo. Kwa watu wengi, ni chanzo cha msongamano.

Mfano ni ofisi yenye karani mmoja na madirisha 100. Kila dirisha lina mwananchi, lakini wengi bado wanajaza fomu. Karani akisimama kwenye dirisha la kwanza na kukataa kuondoka mpaka huyo amalize kuandika, wengine 99 watakaa bila kuhudumiwa, hata wale ambao fomu zao ziko tayari mkononi. Mwenye simu ya mtandao dhaifu atawachelewesha wote.

Njia moja ya kuepuka hali hiyo ni kuajiri karani kwa kila dirisha. Katika programu, makarani hao huitwa nyuzi, yaani njia kadhaa za utekelezaji zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja. Kwa miunganisho michache njia hii ni nzuri na rahisi kueleweka. Lakini kila uzi huhitaji eneo lake la kumbukumbu, na mfumo endeshi hutumia muda kuhama kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Miunganisho ikifika maelfu, gharama ya kuwasimamia makarani huanza kuwa kubwa kuliko kazi yenyewe, ilhali wengi wao wamekaa tu wakisubiri.

Njia nyingine ni karani kuzunguka madirisha yote bila kupumzika, akiuliza kila mmoja kama amemaliza. Hapo hakuna anayesahaulika, lakini kichakato hufanya kazi muda wote hata pale ambapo hakuna mwananchi aliye tayari. Umeme unatumika, mashine inapata joto, na programu nyingine zilizo kwenye seva hiyo zinanyimwa nafasi.

Njia ya tatu ndiyo msingi wa makala hii. Karani anakaa mezani, anampa tarishi orodha ya madirisha yote, kisha anamwambia: niite pale ambapo dirisha lolote litakuwa tayari, na uniambie ni lipi. Tarishi huyo ni mfumo endeshi. Programu inalala bila kutumia kichakato, na inaamshwa pale tu penye kazi.

Wito wa select na mipaka yake

Wito wa kwanza uliofanya kazi hiyo kwa soketi huitwa select, nao ulitoka pamoja na 4.2BSD. Programu hukabidhi orodha tatu: soketi inazotaka kusoma, soketi inazotaka kuandikia, na soketi inazotaka kujua kama zina hali isiyo ya kawaida. Huongeza pia muda wa mwisho wa kusubiri. Mfumo endeshi ukirudisha jibu, orodha hizo huwa zimebadilishwa na kubakiza zile tu zilizo tayari. Ndiyo maana programu hulazimika kuziandaa upya kila mzunguko.

Nguvu kubwa ya select ni kupatikana kwake karibu kila mahali: Linux, macOS, jamii ya BSD na Windows. Mwandishi anayetaka msimbo wake uhamishike kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine huanzia hapo. Hata hivyo, uhamishikaji huo una mipaka ambayo isipojulikana huleta madhara.

Katika Linux, orodha ya select ina nafasi 1,024, kila nafasi ikiwa biti moja, yaani jumla ya baiti 128. Wengi hudhani maana yake ni kwamba unaweza kusubiri soketi 1,024. Ukweli ni kwamba kikomo hicho ni cha namba ya soketi, si cha idadi yake. Programu inayosubiri soketi moja tu, lakini soketi hiyo ikawa na namba 1,500 kwa sababu programu imefungua mafaili na miunganisho mingine mingi, tayari imevuka mpaka. Matokeo yake, programu inaweza kuandika kwenye eneo la kumbukumbu lisilo lake. Siku ya kawaida yenye watumiaji 200 kasoro hiyo haionekani. Siku ya watumiaji wengi, seva huweza kuanguka ghafla, na mtu mwenye nia mbaya huweza kuitumia kasoro hiyo kwa kufungua miunganisho mingi makusudi.

Katika Windows hali ni tofauti. Orodha hiyo kwa kawaida ina nafasi 64, na haihifadhi biti bali vitambulisho vyenyewe vya soketi. Ikijaa, soketi inayofuata haiongezwi na hakuna taarifa yoyote ya kosa. Seva haianguki, lakini mwananchi wa 65 anaweza kubaki akisubiri bila kuhudumiwa. Msimbo ni uleule, ila madhara ni mawili tofauti.

Ipo pia tofauti kuhusu muda. Linux hubadilisha kipimo cha muda wa kusubiri na kuacha muda uliobaki, wakati mifumo mingine mingi hukiacha kama kilivyokuwa. Programu inayokitumia tena kipimo hicho bila kukiandaa upya inaweza kufanya vizuri kwenye mfumo mmoja, na kwenye Linux ikajikuta inasubiri muda mfupi zaidi kila mzunguko hadi ikaacha kusubiri kabisa.

Wito wa poll

Wito wa pili, poll, ulitokea upande wa UNIX System V katika miaka ya 1980, na baadaye ukaingizwa pamoja na select katika viwango vya POSIX vya mwaka 2001. Katika poll, programu hukabidhi safu ya rekodi. Kila rekodi ina mambo matatu: namba ya soketi, matukio yanayosubiriwa, na matukio yaliyotokea. Kwa kuwa ombi na jibu vimetenganishwa, hakuna haja ya kuandaa orodha upya kila mara. Vilevile hakuna kikomo cha 1,024. Safu inaweza kuwa ndefu kadiri mfumo unavyoruhusu.

Katika Linux kila rekodi huchukua baiti 8, hivyo miunganisho 10,000 huhitaji baiti 80,000 tu. Gharama iko kwingine. Kila poll inapoitwa, mfumo endeshi hupitia safu yote. Kama kati ya soketi 10,000 ni 5 tu zilizo tayari, nyingine 9,995 zimekaguliwa bure, na kazi hiyo itarudiwa mzunguko unaofuata.

Changamoto hiyo ilipata jina mwaka 1999, pale mhandisi Dan Kegel alipoeleza tatizo la kuhudumia wateja 10,000 kwa mashine moja. Majibu yalifuata kwa mifumo tofauti. FreeBSD ilileta kqueue mwaka 2000. Linux ilianza kuandaa epoll mwaka 2002, na ukawa sehemu ya toleo imara la 2.6 mwishoni mwa mwaka 2003. Katika njia hizi, orodha hutunzwa na mfumo endeshi wenyewe, na programu hupewa tu zile soketi zilizo tayari. Tarishi hahitaji tena kusomewa orodha nzima kila anapotumwa.

Ubaya wake ni kwamba epoll haipo kwenye macOS, na kqueue haipo kwenye Linux. Windows nayo ina utaratibu wake wenye mtazamo mwingine, ambapo programu haiulizi kama soketi iko tayari, bali huanzisha kazi na kuarifiwa ikikamilika. Windows iliongeza pia wito unaofanana na poll, uitwao WSAPoll, kuanzia toleo la Vista. Kwa miaka mingi wito huo ulikuwa na kasoro: muunganisho uliojaribiwa ukashindikana haukuripotiwa, na programu iliweza kusubiri jibu lisilokuja. Kasoro hiyo ilirekebishwa baadaye katika Windows 10.

Kwa nini uhamishikaji ni muhimu?

Taasisi inaweza kuhamisha mfumo wake kutoka seva moja kwenda nyingine, kubadilisha mfumo endeshi au kukabidhi kazi kwa timu mpya. Mara nyingi mtaalamu huandika programu kwenye kompyuta yenye Windows au macOS, kisha programu hiyo ikatumika kwenye seva ya Linux. Msimbo uliofungwa kwenye mfumo mmoja huigharimu taasisi kila mabadiliko yanapotokea, na gharama hiyo hatimaye hubebwa na mwananchi.

Ili kuepuka hali hiyo, waandishi makini huweka sehemu ya kusubiri peke yake, nyuma ya ukuta mmoja ndani ya programu. Sehemu nyingine zote huuliza swali moja tu: nani yuko tayari? Nyuma ya ukuta huo, Linux hutumia epoll, BSD na macOS hutumia kqueue, na mahali pengine hutumika poll. Zipo maktaba huria zilizokwishafanya kazi hiyo, zikiwamo libevent na libuv. Maktaba ya libuv ndiyo inayotumiwa na Node.js, jukwaa linaloendesha tovuti nyingi duniani.

Kwa programu yenye miunganisho michache, poll peke yake inatosha, na mara nyingi huwa uamuzi bora kwa sababu ya urahisi wake.

Mambo ya kuzingatia

Kujua soketi iko tayari ni hatua ya kwanza tu. Yapo mambo matano ambayo mwandishi wa programu anapaswa kuyazingatia, bila kujali wito anaoutumia.

Kwanza, soketi iwekwe katika hali isiyosimamisha programu. Taarifa kwamba soketi iko tayari ni ya wakati ilipotolewa, nayo inaweza kupitwa. Mwananchi anaweza kubisha hodi, kisha akakata muunganisho kabla seva haijampokea. Kama soketi ya kupokea wageni iko katika hali ya kawaida, seva nzima inaweza kusimama hapo ikimsubiri mgeni aliyekwisha kuondoka, huku walio ndani wakikosa huduma.

Pili, programu iombe kuarifiwa kuhusu nafasi ya kuandika pale tu ilipo na kitu cha kutuma. Soketi nyingi huwa tayari kuandikiwa karibu muda wote. Programu inayouliza bila sababu itaamshwa mfululizo, na kichakato kitafika asilimia 100 bila kazi yoyote ya maana kufanyika.

Tatu, kila usubiri uwe na kikomo. Katika poll, muda huandikwa kwa milisekunde, ambapo 0 ni kurudi papo hapo na -1 ni kusubiri bila mwisho. Aidha, kila muunganisho uwe na saa yake. Wapo wavamizi wanaofungua miunganisho mingi na kutuma herufi chache kila baada ya muda, ili kushikilia nafasi za wengine. Seva isiyo na kikomo cha muda hujaa bila kuvunjwa na mtu.

Nne, kukatizwa si kushindwa. Katika mifumo ya jamii ya Unix, usubiri unaweza kukatizwa na ishara ya mfumo. Programu haipaswi kufunga miunganisho kwa sababu hiyo, bali ikokotoe muda uliobaki na kuendelea kusubiri.

Tano, tofauti za mifumo ziheshimiwe. Windows inahitaji maktaba yake ya mtandao iwashwe kwanza, hufunga soketi kwa amri yake yenyewe, na huhifadhi namba za makosa mahali tofauti na Unix. Pia, select ya Windows hupokea soketi tu, wakati Unix huruhusu mabomba na vituo vya amri. Msimbo unaodhani mifumo yote ni sawa utashindwa mara tu utakapohamishwa.

Mwananchi ana nafasi gani?

Mambo haya yanaonekana kuwa ya wataalamu, lakini mwananchi naye ana mchango wake. Ukurasa unapochelewa, wengi hubonyeza kitufe cha kufungua upya mara kwa mara. Kila kubonyeza huweza kuanzisha ombi jipya, wakati seva bado inashughulikia lile la kwanza. Mtu mmoja hugeuka watu kumi kwenye foleni. Ni vyema kusubiri kidogo kabla ya kujaribu tena, na kwa huduma za malipo, kuhakiki kwanza kama muamala wa awali ulikamilika kabla ya kulipa mara ya pili.

Kwa upande wa taasisi, kipimo cha mfumo si kufunguka siku ya uzinduzi ukiwa na wageni wachache ukumbini. Mfumo unapaswa kujaribiwa kwa idadi ya watumiaji inayozidi ile inayotarajiwa, na kwa miunganisho ya polepole kama ile ya maeneo yenye mtandao dhaifu, kabla tangazo halijatolewa kwa umma. Kasoro ya namba 1,024 haijitokezi mezani kwa mwandishi wa programu. Hujitokeza siku ile ambayo wazazi nchi nzima wanatafuta matokeo ya watoto wao.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Kwa programu ya seva, subira hiyo inahitaji utaratibu: kusubiri wengi kwa pamoja, kwa muda uliopangwa, bila kumfungia mtu mmoja milango ya wengine. Mfumo ulioandikwa hivyo humhudumia mwenye simu ya bei nafuu kijijini kwa haki ileile anayopata mwenye intaneti ya kasi mjini.